Mwaka wa Kupandisha Digrii na Ng'ombe wa Mzee Sitienei

Ninyi vijana mnaokuja kwangu na vyeti kwenye bahasha ya kaki, mkaniambia mlango wa masomo ya juu umefungwa kwa sababu digrii yenu ni ya kawaida, kaeni chini kwanza. Acheni kulialia. Mimi nilikaa kwenye meza ya karani wa basari hapa Eldoret tangu wakati wazungu walipokuwa na mashamba yote mnayoyaona kutoka mjini hadi Timboroa, na nilistaafu nikiwa na mvi na kidole kilichopinda kwa kushika kalamu. Nimeona watu wenye digrii kama zenu wakipata pesa ya kuzipandisha. Nimeona pia wenye akili kuwashinda ninyi wakirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu walijaza fomu ovyo. Mmoja alikaribia kurudi mikono mitupu kwa sababu ya uovyo wangu mimi, na huyo ndiye nitakayewaeleza habari zake.

Shida ya mwaka wa kupandisha digrii ni kwamba hauna mwenyewe. Mtu anayeanza chuo ana mifuko yake ya msaada. Anayekwenda kusomea digrii ya pili ana yake. Lakini wewe uliye katikati, unayehitaji mwaka mmoja tu ili digrii yako ya kawaida ifikie kiwango wanachotaka, kila ofisi inakuelekeza kwa jirani. Siku hizi mnalalamika eti ni mambo mapya. Si mapya hata kidogo. Mwalimu Kimutai aliyaona hayo miaka ya hamsini, akiwa na shati moja jeupe na baiskeli isiyo na breki.

Kimutai alifundisha katika shule ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka mjini. Alikuwa amesoma chuo kule Uganda, akarudi na digrii ya kawaida, wa kwanza katika rizavu yao yote, ile ardhi waliyotengewa na serikali. Watu walimchinjia mbuzi. Siku alipoingia ofisini kwangu alikuwa ameshika barua kutoka Uingereza. Walikuwa tayari kumpokea asomee elimu ya udongo, lakini kwanza arudi chuoni Uganda mwaka mmoja aipandishe digrii yake, na awajibu kabla ya Januari kama ada ya mwaka huo imepatikana. Asipojibu, nafasi inakwenda kwa mwingine.

"Karani," aliniambia, "huku kwetu udongo unaisha tukiutazama. Mvua ikinyesha mto unakuwa mwekundu kama damu. Kila mwaka wanakuja wazungu kutufokea kwamba tunalima vibaya, na hakuna mtu wetu hata mmoja anayeweza kuwajibu kwa lugha yao ya kitaalamu. Nipe hiyo fomu."

Nilimpenda papo hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeishia darasa la nane kule Maragoli, na mtu aliyekuwa na haja ya kusoma namna ile alinifanya nitamani kumsukuma kwa mikono miwili.

Tulianza na mifuko iliyotangazwa. Mfuko wa wanaoanza chuo ulijibu kwamba huyu ana digrii tayari. Mfuko wa wanaoendelea ulijibu kwamba huyu hajafika bado. Barua hizo mbili zilifika wiki moja, nikaziweka mezani kando kwa kando, nikacheka kicheko cha hasira. Lakini sikilizeni vizuri: tulizijibu zote mbili. Tuliwaandikia wale wa pili kwamba tumeelewa, na tukawaomba watutajie kwa maandishi ni nini hasa kinachokosekana. Walitaja. Barua ile ilikuja kutusaidia baadaye, maana ilionyesha kwamba mwaka ule mmoja si anasa ya mwalimu, ni sharti la chuo. Kwa hiyo ukikataliwa, usichane barua. Omba sababu iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Mlango wa tatu ulikuwa mwajiri wake. Misheni ilikubali kumlipa nusu mshahara mwaka mzima, na Kimutai akaja akikanyaga hewani. Nikamwambia atoe mkataba tuusome hadi chini, kwenye yale maandishi madogo. Huko chini walitaka akimaliza mwaka huo arudi afundishe miaka mitano bila kuondoka. Miaka mitano! Nafasi ya Uingereza ingeota nyasi. Wengine wenu mnatia sahihi vitu hivi kwa furaha ya nusu mshahara, kisha mnashangaa mbona mlango wa mbele umefungwa na ninyi wenyewe. Mlango wa nne ulikuwa mwenye duka mmoja wa nguo, aliyekubali kumkopesha kwa dhamana ya mahindi ya babake ya misimu mitatu. Huo niliufunga mimi mwenyewe kabla hajaingiza mguu.

Ikabaki kamati yetu. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya majengo ya serikali, na kamati ilikutana humo kila baada ya majuma machache: wazungu wawili, padri, na wazee wawili wa barazani. Msaada wenyewe ulikuwa mdogo, lakini masharti yake hayakusema popote kwamba mwenye digrii haruhusiwi kuomba. Nilisoma karatasi ile mara nne. Yalisema tu kwamba mwombaji awe mtu ambaye nyumbani kwao hawawezi kumlipia.

Hapa ndipo inaponibidi niwaambie juu ya Bwana Fernandes. Alikuwa karani mkuu wetu, Mgoa mfupi, nadhifu, aliyekula chakula chake saa saba kamili hata kama ofisi ingekuwa inaungua. Juma langu la kwanza kazini niligonga mhuri juu ya cheti cha msichana aliyetaka kusomea unesi, nikaziba alama zake za hesabu zote. Wakubwa wakadhani nimezificha kwa kuwa ni mbaya. Fernandes hakunifokea. Alinipa baiskeli ya ofisi na kuniambia niende Turbo, shuleni kwake, nimwombe radhi msichana mbele ya darasa na nilete cheti kingine. Mvua ilininyea kwenda na kurudi. Nilipofika nikitiririka maji, akanipa kanuni zake tatu: penseli kwanza ndipo wino, mhuri mahali peupe, na kila fomu isomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla haijaondoka. Nilizishika miaka mingi. Ya kwanza na ya tatu niliziacha siku moja tu, nayo ikawa siku ya fomu ya Kimutai.

Fomu yetu ilikuwa na swali: ng'ombe wa mzazi ni wangapi? Kazi ya karani ilikuwa kwenda kuhakikisha kwa macho. Nikapanda baiskeli Jumamosi moja hadi kwa babake, Mzee Sitienei, nikafika jioni ng'ombe wakirudi. Mzee alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la jeshi lililofifia rangi. Alinipa kigoda na maziwa. Nikamuuliza ng'ombe wake ni wangapi. Akatazama mlima. Nikauliza tena.

"Ng'ombe nauliza ya nini?" akasema. "Kunywa maziwa."

Nikaona huyu mzee mjeuri, au ni wale wasiopenda mifugo ihesabiwe. Basi nikajifanya ninanywa, huku ninahesabu kimoyomoyo wakipita kwenye lango la boma. Ishirini na watatu. Wanono, ngozi zinang'aa. Nilirudi mjini nikaandika ishirini na tatu kwa wino, moja kwa moja, kwa sababu kamati ilikuwa inakutana Jumatatu na Kimutai alikuwa shuleni kwake. Niliiona kazi yangu safi, ya mtu mwaminifu asiyependelea rafiki.

Kamati haikuchukua hata dakika tano. Mwenyekiti alikuwa mzungu mwenye shamba kubwa upande wa kaskazini, tuliyemwita Bwana Miwani kwa sababu hakuweza kusema neno bila kuvua miwani na kuipangusa. Aliipangusa. "Ng'ombe ishirini na tatu," akasema. "Huyu tajiri. Uza kumi, lipa chuo. Kwisha." Wale wazee wawili wa barazani waliangalia chini. Nilidhani wamekubali. Baadaye nilijua walikuwa wanaona aibu kwa ajili yangu.

Kimutai alipoisoma barua aliikunja akaitia mfukoni. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

"Karani," akasema, "kati ya hao wote, wetu ni wawili."

Wale wengine ishirini na mmoja walikuwa ng'ombe wa marafiki wa babake. Kwao desturi hiyo inaitwa kimanagan: mtu anaweka ng'ombe wake kwa rafiki, rafiki anawachunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe hubaki wa mwenyewe pamoja na uzao wake. Aliyewekewa hatangazi. Hata mkewe huenda asijue yupi ni wa nani. Na mimi sina udhuru wa kusema nilikuwa mgeni, maana kwetu Maragoli jambo hilo lipo. Mjomba wangu mwenyewe alichunga ng'ombe wa baba miaka tisa, na ningempiga mtu ambaye angewaita wa mjomba. Nilipoingia kwenye ofisi ya serikali nikavaa macho ya serikali. Boma la nani? La Sitienei. Basi na ng'ombe ni wa Sitienei.

Nilikimbia kwa Fernandes. Alikuwa anakula, na siku ile alikiacha chakula.

"Wewe nasoma hiyo fomu mbele ya mwenyewe?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana."

"Basi mimi hapana sema kitu. Wewe najua." Akafuta mikono yake kwa leso, akaingia kwa mwenyekiti kuuliza kama fomu inaweza kurekebishwa. Alirudi na jibu: kamati itakaa tena baada ya majuma mawili, mara ya mwisho kabla ya Januari. Lakini haitakubali neno la karani aliyekwisha kubadilisha hesabu. Wenye ng'ombe waje wenyewe, waseme wenyewe.

Kwa kusikia tu, hilo ni jambo dogo. Lakini wengi wa wenye ng'ombe hao walikuwa maskwota, watu wanaofanya kazi na kuishi kwenye mashamba ya wazungu. Kila bwana shamba aliwawekea kikomo, ng'ombe wawili watatu tu, wale wengine waondolewe. Wakiwarudisha rizavu, chifu naye alikuwa ameshatangaza kwamba malisho hayatoshi na ng'ombe wa watu wa mashambani wasionekane huko. Basi waliwaficha kwa Sitienei, mtu wanayemwamini. Akija mmoja akataja ng'ombe wake hadharani, siku hiyo hiyo ng'ombe huyo hana pa kulala.

Nilikwenda kwa mzee nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akasema yameisha. Nikamwomba awaambie rafiki zake waje. Akasimama.

"Hiyo ng'ombe mimi napewa na mdomo imefungwa," akasema. "Mtoto yangu atasoma kwa kufungua mdomo? Hapana. Enda."

Nikarudi Jumamosi iliyofuata. Nikaambiwa niende. Kimutai alinikataza nisirudi tena, akasema ameamua kutia sahihi ule mkataba wa misheni wa miaka mitano, angalau nusu mshahara. Nikamwambia asubiri hadi siku ya kamati. Alikasirika. Akaniuliza mimi nasubiri nini, kama si kuondoa aibu yangu mwenyewe. Swali lile liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Lakini nilimwambia aibu yangu na shida yake zimefungwa kamba moja, na mimi sitaiacha kamba hadi siku yenyewe ipite. Nikamnyang'anya ule mkataba nikaufungia kwenye droo ya ofisi. Msimwige karani huyo, ni kinyume cha sheria.

Asubuhi ya kamati nilifika mapema kufagia chumba. Nje, kwenye baraza, kulikuwa na wazee wanane wamesimama. Wengine walikuwa wamevaa makoti makuukuu, wengine blanketi, miguu yao ina umande hadi magotini. Wa mbele alikuwa Mzee Sitienei. Sikujua, na Kimutai hakujua, kwamba majuma hayo mawili mzee alikuwa ametembea shamba hadi shamba kwa miguu. Aliwaambia rafiki zake saba jambo moja tu: hatafungua mdomo wake kuwataja, lakini mtoto wake ameshikwa na ng'ombe wao, na wao wenyewe ndio wenye midomo. Kisha akaenda zake bila kungoja jibu.

Waliingia mmoja mmoja. Bwana Miwani alitaka tafsiri, nami nikatafsiri. Wa kwanza alisema mweusi mwenye nyota usoni ni wake, na ndama wake. Wa pili alitaja watatu kwa rangi na kwa pembe. Padri alikuwa anaandika. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Wa tano alipoingia nilimwona mwenyekiti akishtuka. Alikuwa mtu wa shamba lake mwenyewe, mkamuaji wake wa miaka mingi.

Mzee yule alivua kofia. "Bwana," alisema, bila kunisubiri mimi, "mimi iko na ng'ombe tano kwa Sitienei. Wewe nasema mtu yako iko na mbili, mwisho. Mimi nadanganya wewe. Leo hapana danganya. Ile mtoto aende kusoma."

Bwana Miwani alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikuwa nasali kwa Kiluhya. Mwishowe alimuuliza mzee swali moja, huyo mtoto ni nani wake. Mzee akajibu kwamba si ndugu yake.

"Kesho tutaongea mambo ya ng'ombe," akasema Bwana Miwani. "Sasa ngoja nje."

Saba walipomaliza, hesabu ilikuwa ishirini na mmoja. Mzee Sitienei ndiye aliyeingia mwisho. Alisimama mbele ya meza akanitazama mimi, si mwenyekiti.

"Sasa wewe nauliza ile swali yako," akasema.

Nikamuuliza kama inavyotakiwa, ng'ombe wake ni wangapi.

"Ng'ombe iko mbili. Andika."

Nikaandika kwa penseli, nikamsomea kwa sauti, akaitikia, ndipo nikachukua wino. Kamati ilitoa ada ya mwaka mzima. Nauli Kimutai alilipa kutoka mshahara wake wa mwisho, na koti alivaa la Bwana Fernandes, lililomfikia kwenye viwiko.

Msidhani ilikuwa bure. Kabla ya mwezi kwisha, chifu alituma watu. Ng'ombe ishirini na mmoja walitolewa kwenye boma lile, wakapelekwa mnadani, na bei ya mnada wa kulazimishwa mnaijua. Yule mkamuaji hakufukuzwa kazi, lakini ng'ombe wake watano waliuzwa siku moja. Mkewe Sitienei aliyekuwa akiuza mursik, maziwa yao ya kugandishwa, akakosa cha kutia kwenye vibuyu, na wajukuu wakazoea chai ya rangi. Nilipomtembelea, boma lilikuwa limeanza kuota majani katikati. Mzee alinipa maziwa. Nikakataa, nikasema wanywe watoto. Alinikasirikia kweli, pengine kuliko siku zote. Nilikunywa, na machozi yakanitoka, wala sioni haya kulisema hilo.

Kwa hiyo mkija kwangu kuuliza pesa ya kupandisha digrii iko wapi, nitawaambia mahali pote: kamati, mwajiri, mifuko, mikopo. Nitawaambia mwombe kabla ya barua ya chuo kufika, si baada yake, na mjue aliyewaandikia fomu ameandika nini. Lakini msije na ile sura ya mtu aliyekwisha shindwa. Mtu wa kwanza niliyemwona akilipiwa mwaka huo alilipiwa na wazee wanane wasiojua kusoma, na mmoja wao alisema kweli mbele ya bwana wake.

Mwaka ulipokwisha barua ilipitia ofisini kwangu. Nilifunga meza kabla ya wakati, nikapanda baiskeli hadi kwa Mzee Sitienei. Nikamwambia mtoto amefaulu vizuri sana, digrii imepanda, na Uingereza wamemkubali.

"Kwa hivyo amemaliza," akasema mzee.

Nilijikuta sina ujasiri wa kumtazama. "Hapana, Mzee. Amemaliza ile ya kupandisha. Sasa ndiyo anaanza ile yenyewe. Miaka miwili."

Nilisikia kuku wakichakura nyuma ya nyumba. Nilikuwa tayari afoke, anifukuze, aseme wamechoka.

"Na hiyo pia iko na fomu?"

"Iko, Mzee."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akaanza kutembea kuelekea bomani.

"Kuja uandike," akasema. "Ng'ombe bado iko mbili."